Nani Anammwagilia Mgeni Wangu?

Kwako binti yangu, kitindamimba wangu, Chiriku,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko na zikukute mzima wa mwili na wa moyo. Mimi mama yako sijambo. Magoti yananung'unika nikipanda ngazi, lakini yalianza kunung'unika kabla hujazaliwa, kwa hiyo hiyo si habari. Je, wewe, kile kikohozi kimekwisha? Sweta la kijivu unalivaa, au bado umelikunja kabatini kwa kuwa eti halipendezi mapokezi? Wageni wa hoteli wanakuja kulala, hawaji kutazama sweta. Vaa, mwanangu. Na ule kabla ya zamu, si baada.

Utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Simu ninayo, ndiyo, ila kwenye simu hunisikilizi. Nikianza jambo unalimalizia wewe, tena unalimalizia vingine. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Utakaa na kusoma mpaka mwisho, kama ulivyokuwa ukikaa mbele ya bakuli la uji mpaka liishe, ndipo useme. Mwandiko usiucheke. Niliishia darasa la nne, na mkono huu umezoea chaki ya kuchorea nguo kuliko kalamu.

Nakuandikia habari ya ua. Najua kaka yako ameshakupa upande wake: kwamba mama amekuwa mkali, kwamba mama alikwisha kukubali kuhamia kwake na sasa hataki. Ni kweli. Nilikubali, na sasa sitaki. Yote mawili nimeyafanya kwa akili zangu mwenyewe, na ninakuandikia ili ujue zilivyokwenda na zilivyorudi.

Unakumbuka siku uliyoniletea lile ua, ulipokuja likizo. Ulikuja mbio kwa sababu ya ile sufuria. Sufuria yenyewe siikatai. Niliweka maji jikoni, kinyozi wa chini akaniita kwa suruali yake iliyopasuka mahali pabaya, nikashuka, tukacheka, na niliporudi maji yalikuwa yamekauka na sufuria imekuwa nyeusi kama kiatu. Haikuungua nyumba. Haikuungua hata pazia. Lakini tangu siku hiyo neno likaingia katika familia yetu na kukaa kwenye kiti kizuri: mama anasahau. Nikitafuta miwani, mama anasahau. Nikimwita mjukuu kwa jina la baba yake, mama anasahau, kana kwamba marehemu bibi yako hakutuita sote kwa jina la mbuzi.

Basi wewe ukaja na ua, ukaliweka dirishani kando ya cherehani, ukanifundisha jina lake silabi moja moja: si-kla-me-ni. Nilijaribu. Ulimi wangu ukakataa, nikaamua kumwita Mgeni. Nami nilimpenda, sikufichi. Majani yake yana michoro ya fedha kama kitambaa cha bitana nzuri, na maua yamejipindua nyuma yote, kama mtu aliyevuliwa mtandio na upepo akaona bora aendelee tu na safari. Wasemao husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu sikumpa jembe. Nilimpa dirisha, na kila nikibadilisha bobini ya uzi nilimtupia jicho.

Ila kaka yako alisema neno siku ile, na wewe ulikuwepo. Alisema kwa mzaha kwamba sasa tuna kipimo, ua likistawi tutajua mama yuko sawa. Wote mkacheka. Mimi pia nilicheka. Lakini unamjua kaka yako, kazini anakagua maboksi ya ghala na nyumbani anatukagua sisi. Tangu siku ile akija Jumapili anafika dirishani kwanza, anatazama ua, ndipo anageuka kuniamkia. Mimi niliyemzaa nikawa wa pili, baada ya chungu.

Mwanzo Mgeni alichanua vizuri. Halafu jani moja la chini likageuka njano. Nililitoa, nikasema ni uzee, kila kitu kina majani yake ya chini. Likafuata jingine. Kisha yakawa yanageuka hata machanga, yanalegea, yanalala ukingoni mwa chungu kama watu waliochoka kusubiri daktari. Nikaanza kuona aibu kufungua pazia.

Ushauri sikukosa. Wifi yako alisema ua linataka jua, nikalisogeza kwenye jua, likazidi. Jirani yetu wa mlango wa pili, Bi Mapazia (kumbe hujui kwamba ndilo jina lake siku hizi? Tumempa kwa sababu hakuna mtu anayepanda ngazi hizi bila pazia lake kutikisika), alisema ua lina njaa, akanishauri nilipe majani ya chai. Kaka yako alilisimamia mikono kiunoni, akasema kwa sauti ya upole, ile sauti ya kuzungumza na mtoto mwenye homa, kwamba litupwe tu, ataniletea la plastiki, ambalo halihitaji mtu kukumbuka chochote.

Mwanangu, upole huo uliniuma kuliko tusi.

Jumapili hiyo hiyo alinieleza kwamba chumba cha nyuma nyumbani kwake kimepakwa rangi. Kwamba sitahitaji kupika, wala kupanda ngazi, wala kushona. Cherehani ingewekwa stoo, ikifunikwa vizuri. Kwamba ameshampata mpangaji wa vyumba vyangu, mtu mtaratibu. Nilimuuliza wateja wangu watapeleka wapi suruali zao. Akasema mama, watu watanunua suruali nyingine. Nikatazama dirishani. Mgeni alikuwa na jani jipya la njano ambalo asubuhi halikuwepo, na kaka yako aliliona nilipoliona.

Nikasema haya.

Ndiyo hiyo "haya" mnayonidai leo.

Nataka ujue kilichoitoa kinywani mwangu, kwa sababu haikuwa chumba kilichopakwa rangi. Kabla ya Jumapili hiyo nilikuwa nimekwenda kwa mwanamke anayeuza maua karibu na kituo, yule mwenye mwavuli wa mistari. Hana maneno matamu. Nilimweleza dalili kama mtu anayeeleza ugonjwa wa mtoto, naye akaniuliza kitu kimoja tu, kama nikikiinua chungu ni kizito au chepesi. Nilisema ni kizito. Akasema basi linazama. Akaeleza kwamba ua hili chini lina kiazi, na kiazi kikikaa ndani ya maji kinaoza, na kikianza kuoza majani hugeuka njano. Linapenda ubaridi, mwanga usio na jua kali, na maji linywe kwa chini, chungu kikae ndani ya beseni la maji kwa muda kidogo kisha litolewe lichuruzike. Kumwagia juu katikati ya kiazi ni kosa. Alisema nisitie hata tone mpaka chungu kiwe chepesi kama kikapu kitupu na vikonyo vianze kuinama.

Niliona aibu kidogo, maana kweli nilikuwa namwagilia kwa juu, tena kwa moyo wote. Nikaacha. Nikamrudisha kwenye kivuli cha dirisha, kando ya cherehani. Kila asubuhi nilikiinua chungu.

Kizito.

Nilikiinua tena na tena, Chiriku, na kikabaki kizito. Mara kisahani cha chini kina maji. Mara udongo unang'aa. Na mimi sikuwa nimemwagilia. Au nilimwagilia? Hapo ndipo baridi iliponiingia. Nilianza kujinusa mikono, kukagua kanga yangu kama ina unyevu. Nilikuwa nakaa kwenye cherehani, nashona upindo, ghafla nausimamisha mguu kwenye pedali, najiuliza: nimeinuka sasa hivi? Nilikwenda dirishani nikarudi bila kujijua? Sufuria niliikumbuka. Mtu akisahau kitu anajua amekisahau, anakitafuta. Lakini mtu anayefanya kitu na asijue kabisa kwamba amekifanya, huyo anakwenda wapi? Nilimkumbuka mama mkubwa wangu, aliyekuwa akituaga kwenda sokoni huku amekaa sokoni.

Nilikupigia simu nikakuambia. Nilikuambia wewe peke yako. Nilikuambia mwanangu, nadhani ninammwagilia Mgeni bila kujijua, naogopa kichwa changu. Ulinyamaza. Kisha ukasema labda ni vizuri niende kwa kaka kwa muda. Weka alama hapo, tutaparudia.

Basi "haya" yangu ilitoka humo. Ilitoka kwenye woga. Nilianza kufunga vitu: mikasi kwenye kitambaa, vifungo kwenye kopo, pini kwenye kimto changu. Nilifika kwenye nyuzi, nikashika kigurudumu cha uzi wa zambarau, ule wa gauni la harusi yako ambayo haikufika (usinune, bora haikufika, mwanaume yule alikuwa na masikio ya uongo). Kilikuwa kimebaki kipande cha mwisho. Nikakitazama, na nikajiambia, wewe mwanamke, umepiga bandi nguo za watu maisha yako yote, na leo unashindwa kujipigia bandi mwenyewe?

Unajua bandi ni nini, ulikuwa ukinivutia nyuzi zake ukiwa mdogo. Ni ule ushonaji wa muda, uzi mlegevu wa kushikilia kitambaa kabla ya mashine. Kazi yake ni moja: kukuonyesha kama nguo imesogea wakati hukuitazama.

Nikachukua birika langu la bati, ambalo ndilo pekee mkono wangu unalolijua kwa kumwagilia. Nikaufunga uzi ule kwenye mpini, nikaupitisha juu ya kifuniko mpaka kwenye mdomo wa birika, lisiweze kutiwa maji bila uzi kukatwa, nikaukaza kwa fundo langu la kumalizia, lile ambalo haliachii mpaka likatwe. Nikatumia kipande chote. Ningeukata bila kujijua, nisingekuwa na uzi mwingine wa zambarau wa kujidanganyia. Kisha nikakiinamisha chungu, nikamwaga maji ya kwenye kisahani, nikakikausha kwa kitambaa, nikaendelea kushona nikiwa na moyo unaopiga kama wa mtahiniwa.

Kesho yake sikugusa kitu. Nilishuka kupeleka suruali ya kinyozi, nikapitia sokoni, nikarudi. Birika nililikuta mahali pake. Uzi mzima, fundo zima. Na kisahani kimejaa maji.

Nilikaa kwenye kile kistuli cha kukatia nguo nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Nilicheka peke yangu, mwanangu, na kama Bi Mapazia alinisikia bila shaka alikwenda kuwaambia watu kwamba sasa imekwisha. Sikuwa mimi! Chochote kinachotokea duniani, maji yale sikutia mimi. Akili yangu niliipapasa kama mtu anayepapasa mfuko na kukuta funguo zipo.

Sasa ikabaki kumjua mtu. Sikuwa na haja ya hila, kwa sababu udhaifu wangu wenyewe ulinisaidia. Nilishuka tena na gauni la mwalimu mmoja, mteja wangu, na kwenye ngazi ya chini nikakumbuka miwani nimeiacha. Nikapanda. Mlango wangu ulikuwa wazi. Dirishani amesimama Bi Mapazia, amejifunga kanga kiunoni, ana chupa kubwa ya maji, anammiminia Mgeni katikati ya kichwa huku anamwambia anywe, anywe, maskini, anywe.

Nilimwamkia. Aliruka, chupa ikamwagika kwenye kitambaa cha mteja, na alichosema kwanza ni kwamba nisimfikirie vibaya, yeye ametumwa. Ule ufunguo wa akiba niliompa kwa siku ya hatari ndio aliokuwa akiingilia. Nikamuuliza ametumwa na nani. Akaniambia. Akanionyesha na simu. Wewe ngoja, jina hilo litakuja kwa zamu yake.

Jumapili ikafika. Kaka yako alikuja na wifi yako, mjukuu wangu, na boksi tupu la kuwekea cherehani. Safari hii hakumkuta Mgeni dirishani. Nilikuwa nimemweka katikati ya meza, juu ya kitambaa cheupe, na vikombe vya chai vimemzunguka kama watu wa kikao. Nilimwalika na Bi Mapazia. Kila mtu alipokwisha kukaa nikauliza: nani anammwagilia mgeni wangu?

Ungewaona! Kila mtu akatazama kikombe chake. Mjukuu wangu ndiye aliyefungua mlango, maana watoto hawana siasa. Alisema mama yake humwagia maji ya chupa yake kila wanapoleta sare za shule kupunguzwa. Wifi yako akawa mwekundu wa masikio, akasema ni kweli, alifikiri mimi ninasahau, akaona aibu kuniambia, basi akawa anamwagilia kimyakimya. Nikamgeukia kaka yako. Alikohoa. Alitazama boksi. Hatimaye alikiri kwamba Jumapili humiminia maji yanayobaki kwenye glasi yake, kidogo tu, kwa sababu alifikiri mimi ninasahau. Wifi yako akamwuliza kwa mshangao kama na yeye pia, naye akamjibu kwa swali lile lile. Bi Mapazia akasema yeye ni kila siku, tena chupa nzima, maana aliona ua linazidi kuwa njano akajua mwenye nyumba amelisahau kabisa.

Umeielewa, Chiriku? Kila mtu aliona njano akasema mama amesahau, akatia maji. Maji yakaleta njano zaidi. Wakaona njano zaidi, wakasema kweli mama amekwisha, wakatia maji zaidi. Na mimi, niliyeshutumiwa, ndiye pekee katika jengo zima niliyekuwa sitii hata tone.

Kinyozi nilipomsimulia alicheka mpaka akamkata mteja sikio, kidogo.

Kaka yako alipomaliza kuona aibu akarudi kwenye hoja yake, unamjua. Akasema sawa mama, ua ni ua, lakini sufuria je? Nikamwambia sufuria niliichoma, na nitakufa nikijua kwamba niliichoma. Nikamkumbusha kwamba yeye alimsahau mwanawe mwenyewe kwenye geti la shule mpaka mlinzi akampigia simu, na sikusikia mtu yeyote akimpakia rangi chumba cha nyuma. Bi Mapazia akaingiza kichwa kwenye kikombe asionekane anacheka. Nikamwambia kwamba tangu leo nikiwasha jiko nakivaa kimto changu cha pini kwenye kifundo cha mkono, na sikivui mpaka moto uzimwe. Kinachoma, huwezi kukisahau. Hiyo ndiyo dawa ya sufuria. Dawa ya sufuria si kumng'oa mtu kwenye udongo wake.

Kisha nikaichukua ile haya yangu nikaila. Niliwaambia wazi: niliitoa kwa kuogopa kichwa changu, na kichwa changu nimekikuta. Mpangaji mtaratibu atafute utaratibu kwingine. Cherehani haiingii kwenye boksi. Kaka yako alisema mama, tunakupenda. Nikamwambia najua, mwanangu, hata huyu mezani alipendwa, mtazame.

Aliondoka na boksi lake tupu. Mlangoni alirudi akanikumbatia, na nikahisi bado ana hasira, na mimi pia bado nilikuwa nayo. Hasira si ugomvi. Wiki hii ameniletea suruali yake ipunguzwe, ambayo naijua haikuhitaji kupunguzwa. Nimeipunguza hivyo hivyo.

Sasa, mwanangu, jina.

Simu aliyonionyesha Bi Mapazia ilikuwa na ujumbe wako. Wako wewe. Ulimwomba aingie nikiwa nimetoka, alitie ua maji, anuse gesi, atazame friji, akuambie. Nilisoma kwa shida, herufi ndogo, lakini nilisoma. Ulimwambia nisijue, nisije nikajisikia vibaya.

Nilikaa chini. Kaka yako sikushangaa, yeye ni mkaguzi. Wewe ulinishangaza. Sikuumia kwamba ulituma mtu. Mama yeyote anaelewa kutuma mtu, mimi mwenyewe nimewahi kumwuliza yule mwenzako wa chumbani kama unakula, na aliniambia (ndiyo, aliniambia, kuhusu chakula cha usiku, tutazungumza). Niliumia kwa ile simu. Nilikupigia, nikakuambia maji yanaingia kwenye chungu na sijui nani anayatia, naogopa ni mimi. Na wewe ulijua ni nani. Ulikuwa na jibu mkononi, neno moja tu, na ulininyamazia, ukaniambia niende kwa kaka.

Nimefikiri sana kwa nini. Siku ya kwanza nilisema hana huruma. Siku ya pili nilisema labda hakuunganisha mambo, yuko kazini, wageni wanadai taulo. Sasa nadhani uliogopa. Uliogopa nikijua utakuwa umenivunjia heshima, basi ukaniacha nivunjike mimi ili heshima ipone. Kama nimekosea, utaniandikia unisahihishe. Kuandika, si kupiga simu. Nataka na mimi nisome bila kukukatiza.

Kinyongo sina. Ningekuwa nacho nisingekuambia uvae sweta. Lakini nisikilize vizuri, na hili silisemi kwa upole wa homa, nalisema kama mama yako: ukitaka kujua kama nimekula, niulize mimi. Ukitaka kujua kama gesi imezimwa, niulize mimi. Nikijibu upuuzi, uje uone kwa macho yako. Siku akili yangu itakapoanza kweli kuondoka, na inaweza kuondoka, mimi si jiwe, nataka niwe wa kwanza kuambiwa, si wa mwisho. Msinizungukie kwa kunyata na kwa chupa za maji. Niambieni usoni.

Mgeni, kwa vile utauliza. Nilimtoa chunguni nikamwaga matope yote. Majani yaliyooza niliyatoa moja moja kama alivyonionyesha yule mwuza maua, unashika kikonyo karibu na kiazi, unakisokota na kukivuta mara moja, hukikati kwa mkasi. Mkono wangu ulitaka mkasi, ukajizuia. Kiazi upande mmoja kilikuwa kimelainika, nikaogopa. Upande mwingine kigumu kama fundo la kidole. Nimempa udongo mkavu, nimemweka pembeni pa chumba, pale penye ubaridi, mbali na jua. Amebaki na majani machache na sura ya mtu aliyetoka hospitali. Wifi yako anasema amekufa. Mwuza maua anasema huenda joto likija atalala kabisa, abaki kiazi kitupu, na watu wengi hapo ndipo hutupa, kumbe amelala tu. Kama atalala, nitamwacha alale. Kama atakufa, atakufa kwa ajali yake mwenyewe na si kwa huduma. Leo asubuhi nimekiinua chungu.

Chepesi.

Nisalimie huyo mwenzako wa chumbani, yule anayecheka kama injini isiyotaka kuwaka, na umwambie asante kwa taarifa za chakula. Wasalimie wote waliopo kazini. Kinyozi anakusalimu. Bi Mapazia anakusalimu pia, amelia sana, tumepatana, ila sasa akitaka kuniona anabisha hodi kama binadamu.

Ndani ya bahasha hii, ukiitikisa, utadondokewa na ufunguo. Ni ule wa akiba. Nimeuchukua kwake na sikumpa kaka yako, ingawa aliuomba. Nimeufunga kwa kile kipande cha uzi wa zambarau, nimekikata mwenyewe nikijua ninachokata. Wewe kutwa nzima unawagawia wageni funguo za vyumba visivyo vyako. Huu ni wa kwenu. Hapewi mtu wa kutumwa, hauwezi kuazimwa, na kwa simu haufungui. Unafungua kwa mtu aliyepanda ngazi kwa miguu yake. Siku utakayokuja usigonge. Ingia, uniamkie mimi kwanza, ndipo umtazame Mgeni.

Ni mimi mama yako mpenzi, niliyepo nyumbani kwangu, kwenye cherehani yangu, dirisha likiwa wazi,

Mama